Mguu Umepona, Natafuta Viatu

Leo nimepiga nduru kliniki hapa Kitengela mpaka watu wakatoroka foleni!

Mnajua huu mguu wangu umekuwa ukiwaka moto kati ya vidole. Harusi ya dada ni kesho, na mimi hata kusimama nilikuwa siwezi.

Daktari akabonyeza hapo. Nikaruka.

"Mama, neva imebanwa. Hivi viatu vyako vyembamba ndivyo vinakuumiza."

Akanidunga sindano palepale. (Nduru ndiyo hiyo.)

Baada ya muda nikakanyaga chini, polepole. Nikakanyaga tena kwa nguvu.

Hakuna moto!

Nikatoka nikicheza. Mzee mmoja aliyekuwa ametoroka akasema, "Basi hata mimi naingia."

Nimempigia dada simu, amelia kwa furaha kunishinda mimi.

Sasa nani ako na viatu vipana aniazime vya kesho?