Sikuizima Taa ya Kilio

Nilisikia kabla ya kuona. Mlio wa mashini ulishuka, ukawa mzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Taa zilikuwa bado zinawaka. Jamani, nafasi nilikuwa nayo! Kosa ni langu, simtupii mtu.

Niko Kabambare, ninajifunza kazi ya umeme. Tuna mashini mbili za kuzalisha umeme, moja mtoni, moja sokoni, zimeunganishwa ili zisaidiane. Moja ikisimama, nyingine inabeba mzigo wote. Hapo lazima ukate baadhi ya laini haraka, la sivyo nayo itaanguka. Kituo cha afya hakikatwi kamwe.

Jioni ile mvua ilileta takataka, mashini ya mtoni ikaziba. Shefu anayenifundisha alikuwa huko. Akanipigia simu mimi niliyebaki kwenye ile ya sokoni.

"Kata laini ya kilio! Kule iko friji, iko spika, iko kila kitu!"

Kilio, yaani matanga, kilikuwa cha marehemu baba mkwe wangu. Kwetu mkwe ndiye huleta kuni za kilio. Mimi nilileta umeme, nikasifiwa mbele ya wazee. Niuzime vipi?

"Shefu, pale iko wakwe zangu. Mashini itavumilia."

"Mashini haina wakwe! Kata, mutu wangu!"

Nikakata kinu cha kusaga. Nikakata duka la pembeni. Vitu vidogo vidogo, huku nikikwepa kile kikubwa. Mlio ukashuka tena, ukakatika. Giza kote, hata pale kilioni!

Kule kwenye kituo cha afya, kichanga cha shemeji yangu kilikuwa kinapumulia mashini ya oksijeni. Betri yao ya akiba ilikufa zamani, na mimi nilijua. Ole wangu, nilijua!

Tulipowasha tena, hewa ilimrudia mtoto asiyeihitaji tena.

Turubai la kilio halikukunjwa. Lilimpokea na yeye.

Wewe unayeshika swichi popote, nakusihi: amua mapema nani atakaa gizani, mlio ukiwa bado mzuri. Ukianza kufikiria nyuso za watu, umechelewa.

Leo asubuhi mke wangu Zawadi alifunga nguo zake ndani ya kitenge.

"Baba alishakufa," aliniambia. "Taa alikuwa anaitakia nini?"

 

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza!