Mdomo wa Nyuma ya Kichwa

Juzi, Kitale, niliona kitabu cha watoto chenye zimwi la midomo miwili, mmoja kisogoni, chini ya nywele. Nikajikuta tena mtoto Bungoma, katika duka la vitambaa la mzee Kalasinga, Singasinga wa kilemba, ambapo Mama aliniacha akakimbilia sokoni. Palinukia iliki na pamba mpya. Mvua ilipiga bati. Hata ningelia, nani angenisikia?

Mzee aliingia amelowa, akaanza kufungua kilemba. Vitabu vyangu vya mazimwi vilikuwa vimeshaniambia kilichofichwa humo. Alipogeuka nikaona nywele za mvi tu, zimefungwa fundo kama za nyanya yangu akitoka kuoga.

"Mtoto, unatafuta nini huku nyuma yangu?"

"Mdomo wa pili."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Ningekuwa na miwili, hii chai si ingekuwa imeisha?"

Akanimiminia. Kisha akanipa ncha ya kilemba kingine kikavu, kirefu kama duka lenyewe. Kukikunja kulihitaji watu wawili.

"Vuta na nguvu, bana! Ama unaogopa nitakula kidole?"

Nikavuta, nikicheka, mpaka kitambaa kikanyooka kati yetu.