Maji Niliyoyasafisha

Mwaka tulipohamia mjini, mtaa wa Galbet, mke wangu aliacha kuamka. Simaanishi kuamka kwa ajili ya sala. Alfajiri aliisali kwa wakati wake, kisha akarudi kitandani, akageukia ukuta, na siku yake ikawa imekwisha kabla jua halijatoka.

Tulipokuwa malishoni upande wa Kotile hakuna aliyewahi kumtangulia kuamka. Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, na kabla sijamaliza nyiradi zangu nilikuwa nikisikia maziwa yakigonga kibuyu. Kisha ukaja ukame. Mvua za masika hazikunyesha, za vuli hazikunyesha, na mbuzi wakaisha mmoja mmoja. Wa mwisho alifia mapajani mwake. Ng'ombe wangu nao waliisha, lakini mimi nilibaki na kitabu. Nimefundisha watoto dini katika madrasa karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na kitabu hufunguliwa popote pale. Yeye hakuwa na cha kuhama nacho ila mikeka yetu ya herio, ile tuliyokuwa tukifunikia nyumba kila tulipohamia malisho mapya. Aliikunja akaiegemeza ukutani, nayo ikawa inapata vumbi.

Alhamdulillah, tulikuwa na nyumba ya mabati, bomba la maji uani, na binti yetu mtaa wa pili. Nilijiambia kwamba subira ingetosha. Miezi ikapita, na mke wangu akawa anakula vijiko vitatu na kusema ameshiba.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu, anafundisha kilimo katika shule ya sekondari. Siku moja aliniambia, "Abo, mama hahitaji dawa. Anahitaji kitu cha kulisha."

"Mbuzi watakula nini hapa? Karatasi za plastiki?"

"Si mbuzi. Samaki."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Kwetu sisi wafugaji, zamani ukimwita mtu mla samaki umemwambia hana mnyama hata mmoja, yeye na baba yake. Lakini kijana alinieleza kwa utaratibu. Samaki hukaa ndani ya tangi. Pampu ndogo ya sola hupandisha maji yao mpaka kwenye kitanda cha kokoto, na mboga hupandwa humo bila udongo. Mboga hula uchafu wa samaki, na maji hurudi chini kwa samaki. Maji ni yaleyale, yanazunguka tu. Kwa mtu aliyewahi kutembea siku mbili kutafuta kisima, neno hilo liliniingia.

Tukaleta tangi la plastiki, tukalikata, sehemu ya juu tukaijaza kokoto. Mkwe wangu akaleta tilapia wadogo kama kidole ndani ya mfuko wa maji. Kabla ya kuondoka aliniambia mambo mawili: nisiwape chakula kingi, na nisioshe kokoto. Hilo la pili nililipokea kwa sikio moja. Niliona ni uvivu wa vijana.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, alichungulia juu ya ua siku ileile.

"Maalim, nimesikia umepata mifugo!"

"Alhamdulillah."

"Wana pembe?"

"Hawana."

"Basi utawatia alama wapi, wasiibwe?" Akacheka peke yake. "Angalia tu, leo samaki, kesho usije ukatufugia mamba wa Tana humu mtaani."

Majuma mawili mke wangu hakuja hata kuchungulia. Kisha asubuhi moja, nikiwa nawamwagia samaki chakula, nilisikia sauti mlangoni.

"Unawatupia kama kuku. Wenye nguvu wanakula, wanyonge wanatazama."

Alikuwa amesimama. Nilijizuia nisigeuke haraka, kama mtu anavyojizuia mbele ya ndege aliyetua karibu naye. Akaja, akanipokonya kopo, akawagawia chakula kidogo kidogo kila pembe ya tangi. Kesho yake aliamka kabla yangu.

Siku zilizofuata nilimwona mke wangu wa Kotile akirudi kipande kwa kipande. Aliona jua linawachoma samaki, akaifungua ile mikeka ya herio, akaipangusa, akalifunikia tangi kivuli. Aliwatambua mmoja mmoja: yule wa mgongo mweusi, yule mlafi, yule aliyechanika mkia. Alikuwa akiwaita kwa kugonga ulimi, vile alivyokuwa akiwaita mbuzi, nao wakapanda juu. Mkwe wangu alininong'oneza kwamba walikuwa wakiona kivuli chake tu. Sikumwambia mke wangu. Sukuma wiki ilitoa majani mapana kama viganja, naye akala sahani nzima, yeye ambaye zamani aliita mboga majani ya mbuzi.

Kisha binti yetu akajifungua, na mke wangu akatoka nyumbani kwa miguu yake kwenda kumtazama mjukuu. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka tangu tuhamie. Akaniachia samaki wake siku mbili. "Kidogo kidogo," alisema. "Na usiwaondolee kivuli."

Nilibaki nikitazama maji. Yalikuwa yamepata rangi ya kijani, kokoto zilikuwa na utelezi, na palikuwa na harufu. Tangi lilikuwa hatua chache tu kutoka mahali ninapotawadhia. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto, katika kitabu cha fiqhi, mlango wa maji kabla ya mlango wowote mwingine: maji yatazamwe sifa zake tatu, rangi, ladha na harufu. Nikatazama rangi, nikanusa harufu, nikaona haya. Nilijiambia, mke wangu amerudi duniani. Atakaporudi nyumbani akute viumbe wake katika maji safi.

Niling'oa sukuma wiki nikaiweka kando, nikamwaga maji yote. Nikakaa juu ya kibao na brashi, nikasugua kokoto moja moja mpaka zikang'aa. Nikaosha kuta za tangi, nikairudisha sukuma wiki kwenye kokoto. Nikajaza maji ya bomba, yale ya mji yanayotiwa dawa, nikawarudisha samaki kutoka kwenye beseni. Mgongo uliniuma, nami nikashukuru kwa maumivu yale. Niliyahesabu kuwa ibada.

Mke wangu aliporudi alisimama kando ya tangi na buibui lake bado mwilini.

"Maji yao yako wapi?"

"Si haya? Tazama, unaona mpaka chini."

Aligonga ulimi. Walipanda juu, lakini hawakula. Walikuwa wakifungua na kufunga midomo kwenye uso wa maji.

"Kotile niliwanywesha mbuzi maji ya silanga, lile bwawa la mvua, yenye rangi ya chai," alisema polepole. "Mnyama anayajua maji yake, maalim."

Siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Mkwe wangu alipokuja hakunilaumu. Alichukua kokoto moja, akaizungusha mkononi. Ule utelezi, alisema, ulikuwa na vijidudu vinavyogeuza uchafu wa samaki kuwa chakula cha mboga. Niliviosha vyote, na samaki wakazama katika uchafu wao wenyewe, ndani ya maji yanayong'aa.

Kilichonikosesha usingizi ni kitabu changu mwenyewe. Katika mlango uleule wa maji imeandikwa kwamba maji yaliyobadilika kwa kukaa sana, au kwa tope, au kwa ukoga unaoota ndani yake, hayo ni safi. Nimewasomesha watoto mstari huo mara nisizoweza kuhesabu. Nilipokuwa na brashi mkononi niliukumbuka mlango, nikausahau mstari.

Mke wangu hakulia wala hakunigombeza. Aliiteremsha mikeka ya herio, akaikung'uta, akaikunja, akairudisha ukutani. Kisha akaingia ndani.

Tulianza tena. Mkwe wangu alileta samaki wengine, na safari hii sikuosha kitu. Maji yamekuwa ya kijani, kokoto zinateleza, sukuma wiki imeota vizuri, na jirani hanitanii tena. Kivuli cha tangi nimekitengeneza kwa magunia, kwa maana ile mikeka sina ruhusa ya kuigusa. Nilimwambia mke wangu aje awaone, kuna mmoja ana mgongo mweusi. Akasema, "Mimi nimeshazika mara mbili. Inatosha."

Ninamshukuru Mungu kwa alichotoa na kwa alichotwaa, na simdai maelezo. Kila baada ya Alfajiri nawalisha samaki kidogo kidogo, kila pembe ya tangi, na mlango wa chumba nauacha wazi, maji yasikike yakianguka kutoka kwenye kokoto. Siku nyingine najaribu kugonga ulimi. Sijui kugonga vizuri.

Leo asubuhi alisema neno kutoka kitandani, nami nikasogea mlangoni na kopo mkononi.

"Funga mlango," alisema, uso wake ukiwa ukutani. "Vumbi linaingia."

Nikaufunga.