Siku Mwana wa Mfalme Alipooa Sebuleni kwa Susu

Mpaka leo nikinusa maji ya betri ya gari, moyo hunidunda kwa furaha. Ndiyo harufu iliyojaa sebuleni kwa Susu, nyanya yangu, kule Kola, siku mwana wa mfalme wa ng'ambo alipooa. Nilikuwa darasa la nne, shule zimefungwa, mvua imelainisha udongo mwekundu, na wiki nzima redio haikuwa na habari ila gauni la bi harusi. Televisheni ya Susu ilitumia betri, na asubuhi hiyo betri ililetwa kutoka kuchajiwa Kyumbi na Muthama, kijana wa Masinga aliyeuza samaki kwa bodaboda. Aliteleza njiani mara mbili, akafika na tope hadi masikioni, lakini betri ilikuwa salama, imefungwa nyuma kwa mpira na kufunikwa koti lake.

Muthama hakuja kwa ajili ya mfalme. Alimtaka shangazi yangu Ndinda, kitinda mimba wa Susu, na shangazi naye alimtaka hata usingizi ukampaa. Ila kwetu Wakamba msichana hajaposwa mpaka mbuzi watatu wa ntheo waingie boma la wazazi wake, na miezi mitatu Muthama alikuwa analeta samaki na maneno matamu. Mkono mtupu haulambwi. Susu hata salamu yake hakuitikia. Shangazi alikuwa ameninong'oneza kwamba likizo ikiisha watatoroka, nami nikalia sana, kwa sababu wakitoroka hakuna harusi, na bila harusi lile gauni jeupe nililoahidiwa, la kubeba maua, lingebaki dukani Machakos.

Nyumba ilijaa watu mpaka madirishani. Tuliona farasi waliopambwa, tarumbeta, na kofia pana kama sinia za chapati. Mimi nilikaa mbele kabisa, nikikariri kila mkunjo wa gauni lile refu, nikisahau hata kupepesa macho. Bi harusi aliposhuka garini, Susu, aliyekuwa akichambua maharagwe ya kesho, akauliza, "Na mbuzi zilienda lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mke wa katekista akamwambia, "Susu, hao ni watu wa mfalme. Wako na mali."

"Mali nimeona. Nimeuliza mbuzi. Hata mtoto wa mfalme ni mtoto wa mtu. Kama hajapeleka, hayo ni matembezi tu."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Muthama. Shangazi alijifanya anafunga leso upya.

Ndipo kasisi akamgeukia bi harusi kumuuliza kama amekubali, na picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, ikawa nukta, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Kelele zilizopigwa hapo nadhani zilisikika mpaka sokoni. Muthama alichomoka nje na spana, akafungua betri ya pikipiki yake, akarudi kuiunganisha. Picha iliporudi, maharusi walikuwa tayari kwenye roshani, wanapungia umati mikono.

"Kwani alikubali?" Susu akauliza. Hakuna aliyejua. "Basi mmeona kupunga mikono tu."

Akapakua isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri, na bakuli la kwanza akampa Muthama. "Wewe wa Masinga, kula. Betri umeleta. Sasa leta ile ingine."

Jumamosi iliyofuata pikapu ilisimama langoni, na ndani yake wazee wawili, Muthama kwenye suti ya kuazima, na mbuzi watatu wakilia. Nilikimbia nikizunguka boma mpaka nikaanguka. Hakuna aliyepiga picha. Gauni nililivaa Desemba.

Susu hayuko tena. Siku hizi habari za watu wa kasri hunijia kwenye simu kila siku: nani katabasamu, nani hakumshika mwenzake mkono. Nyumba njema si mlango. Shangazi na Muthama bado wanagombana kuhusu chumvi ya samaki, na bado wanaenda kanisani kwa pikipiki moja.

Mwezi uliopita mchumba wangu, mtu wa Syokimau, alinionyesha picha za harusi anayoitaka: gari la farasi, roshani ya hoteli, droni juu. Alisema tutang'aa kama watoto wa mfalme. Sikatai, moyo ulinidunda kama siku ile. Kisha nikasikia sauti ya Susu ikitoka kinywani mwangu.

"Na mbuzi zitakuja Kola lini?"

Alicheka. Mimi sikucheka.