Siku Nilipokariri "Run"

Harufu ya kanga mpya, ile ambayo bado haijaguswa na maji, hunifanya nigeuze uso. Wenzangu hunusa wakafurahi. Mimi naikumbuka kamusi ya Babu Kanji.

Babu Kanji alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la kanga jirani na nyumba tuliyopanga Kariakoo. Kamusi yake nene ya Kiingereza ilikaa juu ya majora, ikanukia vitambaa. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alitaka siku ya wazazi kila mmoja wetu aeleze kitenzi kimoja cha Kiingereza, maana na asili yake. Nikachagua "run". Herufi tatu tu! Nikajiona nimelamba dume.

Kumbe kitenzi chenyewe kilijaza kurasa. Mtu anakimbia, sawa. Lakini na pua yenye mafua je, na mto, na mashine, na mgombea uchaguzi, hata rangi ya nguo inayochuja? Asili yake ilirudi nyuma mpaka kwa watu wa kale wa kaskazini, wenye maneno yasiyotamkika. Msinicheke, nilifanya tulichozoea darasani: nilikariri.

"Lakini unaelewa, binti?" Babu Kanji aliniuliza.

"Naelewa, babu."

Sikuelewa hata chembe.

Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua, na Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Alitangazia nyumba nzima kwamba mwanawe atahutubia. Siku ilipofika alijifunga doti mpya, akakaa mstari wa mbele.

Niliyamwaga yote bila kituo. Mgeni wa heshima akatabasamu. "Vizuri sana. Sasa tutungie sentensi moja tu."

Sentensi sikuikariri. Nilitafuta kichwani, sikuona kitu, basi nikaanza upya toka mwanzo, machozi yakinitoka na pua nayo ikifanya vile vile kamusi ilivyosema. Watu wakaangua kicheko. Mama akainuka, akapiga vigelegele peke yake, akaja kunishusha jukwaani.

"Umeongea sana, mwanangu," aliniambia njiani.

Kwa miaka mingi nilimwonea aibu, nikiamini hakujua kwamba nilishindwa. Mwaka jana binti yangu alisahau shairi lake mbele ya watu, na kabla sijafikiri nikajikuta nimesimama napiga vigelegele. Mama alijua. Kicheko kile alikisikia kama nilivyokisikia mimi, na vigelegele ndivyo pekee alivyokuwa navyo.