Mwaka Nilipoomba Watu Nguo Kuukuu

Mama yangu alikuwa na kalenda yake ya kushona, na haikuwa imetundikwa popote. Mwezi wa nne, mbegu zikishaingia ardhini shambani kwetu upande wa Endebess, alianza kukata vipande. Mwezi wa saba, baridi ya Kitale ikikaza na ukungu ukikataa kutoka uani mpaka saa nne, aliviunganisha. Kuanzia mwezi wa kumi hakugusa sindano, maana wakati wa kuvuna na kupukuchua kila mkono nyumbani ulikuwa wa mahindi. Januari, jua likishakuwa kali, alifua, akaanika, na blanketi la viraka likapata kitanda. Moja kwa mwaka. Tulikuwa watoto watano, kwa hivyo ulingoja zamu yako, na aliyengoja kwa kelele alirudishwa nyuma ya foleni. Mimi nilirudishwa mara mbili.

Nusu ya vipande alivipata kwa fundi mzee aliyeshonea barazani karibu na msikiti, mjini Kitale. Yule mzee alimwekea mabaki kwenye gunia la sukari, naye mama akampelekea maziwa. Nusu nyingine ilitoka kwa watu: sare zetu za shule, suruali ambayo babu alivaa akija kutoka Nyeri kununua shamba, leso ya jirani, shati la mchungaji. Majirani wetu wengi walikuwa wahamiaji kama sisi, na walipeana nguo kuukuu jinsi walivyopeana chumvi. Nikakua nikiamini kwamba watu wote duniani wanaishi hivyo.

Kisha nikaolewa Bumula, mahali penye joto kuliko kwetu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati mtu mwenye simu alikuwa bado anaivaa shingoni ili ionekane. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mtu wa kuchelewa kukasirika. Mungu alijua anampangia mke wa aina gani. Tulijenga katika boma la mama yake, mjane mrefu wa maneno machache. Alinipokea vizuri. Alinionyesha kisima, akanigawia sehemu ya shamba, akanipa upande mmoja wa kamba ya kuanikia nguo, maana kamba ilikuwa moja kwa nyumba zote mbili.

Niliposema nataka kushona blanketi la viraka, mume wangu alicheka. "Blanketi ya nini huku? Hii si Kitale."

Lakini mimi nilikuwa nimeamua. Nyumba mpya ilihitaji blanketi lake, tena lenye kipande kutoka kila boma la jirani, ili nikilitandika niweze kusema hawa ndio watu wangu sasa. Niliona ndiyo njia ya haraka ya kujulikana. Katika hilo sikukosea.

Mwezi wa pili, kabla mvua haijaanza, nikachukua kikapu nikaenda boma kwa boma. Nilisalimia kwa heshima zangu zote. Nikasema mimi ni bibi ya mwalimu, naomba kipande cha nguo yenu ya zamani. Nikaongeza, kwa sauti tamu kabisa, "Isiwe mpya, mama. Ile umevaa sana ndiyo nzuri."

Mwanamke wa kwanza aliangalia kikapu, akaniangalia mimi, akasema atatafuta. Wa pili akasema zote zimeisha, na huku kitenge chake kilichochakaa kilikuwa kimetundikwa mlangoni nyuma yake. Wa tatu akaniacha nimesimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaanua nguo zake zote zikiwa bado zinachuruzika maji, akaingia nazo ndani. Mimi mjinga nikatazama juu, nikidhani ameona mvua.

Kufikia mwisho wa wiki, kisimani wanawake walikuwa wakivuta mitungi yao kando na kuniambia nichote kwanza. Nilidhani ni adabu kwa mgeni. Kumbe walitaka niondoke haraka.

Mume wangu ndiye aliyenieleza, akiangalia viatu vyake.

"Hapa mtu hawezi peana nguo ametoa mwilini. Tena kwa mtu hajui. Wanasema inaweza pelekwa mahali."

"Mahali gani?"

"Kwa mtu wa kuroga."

"Kwani nimewaomba figo?"

Nilicheka mpaka nikagundua nacheka peke yangu. Ndipo hasira zikanipanda. Mimi, binti ya mama yangu, mchawi? Nikafunga kitambaa kichwani, tayari kurudi boma kwa boma na kumpa kila mtu ukweli wake. Mume wangu akasimama mlangoni. "Ukienda kugombana, si ndiyo utakuwa umewathibitishia?" Nikabaki, lakini sufuria za nyumba ile zilijua nimebaki.

Kesho yake asubuhi nilipotoka kuanika, upande wa mama mkwe wa ile kamba ulikuwa mtupu. Alikuwa amefunga kamba nyingine nyuma ya nyumba yake. Hakunisema vibaya, hakuniuliza lolote, chai yangu aliendelea kuinywa. Alihamisha nguo tu. Hiyo iliniuma kuliko kisima, na mimi si mtu wa kulia, lakini siku hiyo nililia huku nimeshika beseni.

Habari ilikuwa imemfikia shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, mfanyabiashara wa maharage kule mpakani Suam. Katika ukoo ule neno lake halikupingwa. Alituma ujumbe kwamba mwezi wa nane atakuja mwenyewe kuangalia huyo mke ni wa aina gani, na kama mambo ni yale anayoyasikia, nirudishwe kwetu. Mama mkwe alipoulizwa na mwanawe atasema nini siku hiyo, alijibu, "Nikiulizwa, nitajibu." Basi. Nikawa na miezi mitano ya kubaki au kufungashiwa virago.

Nikaenda Kitale kwa mama. Nilimsimulia kila kitu, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Nani alikwambia uanze na nguo za watu?" akasema. "Hata mimi, mwaka wa kwanza hapa, hakuna aliyenipa hata kifungo. Kwani walinijua? Nilianza na za fundi. Nikashonea nje, mahali kila mtu anapita."

Hilo hakuwahi kunisimulia. Siku zote nilidhani majirani wale walizaliwa wakimpa mama nguo. Nikarudi Bumula na gunia zima la mabaki ya fundi, vitambaa vipya ambavyo havijawahi kugusa mwili wa binadamu.

Mvua ilianza mwezi wa tatu. Asubuhi nilipanda mahindi na maharage, mchana niliweka kigoda chini ya upenu, upande unaotazama njia ya kisimani, nikakata. Kipimo changu kilikuwa kipande cha katoni ya sabuni. Unaweka katoni juu ya kitambaa, unachora kwa chaki, unakata, unapiga pasi ya makaa, unaweka kwenye rundo la rangi yake. Wapitao waliharakisha. Mimi nilisalimia kila mmoja kwa sauti, hata wale waliojifanya wanatafuta kitu upande wa pili. Nilikuwa na adabu ya kukera.

Mwezi wa tano, wakati wa palizi ya pili, watoto walianza kusimama. Watoto wakaleta macho ya mama zao. Wa kwanza kuja akawa yuleyule aliyeanua nguo mbichi. Alisimama njiani na mtungi kichwani, akatazama safu mbili nilizokuwa nimeshaunganisha, nyekundu na buluu, akashindwa kuvumilia.

"Hiyo kona unapatanisha aje, bana?"

Ulimi wangu ulikuwa na majibu kumi, yote mabaya. Niliyameza. Nikamwambia aje aone. Akasema ataona akiwa hukohuko. Kwa siku tatu nilimfundisha kushona yeye akiwa nje ya ua na mimi ndani, nikimpitishia sindano katikati ya majani. Siku ya nne mvua ya mawe ilitunyeshea, akakimbilia chini ya upenu wangu, na hakurudi tena njiani.

Kufikia mwezi wa saba, baridi kidogo ya Bumula ilipokuja na manyunyu yake ya jioni, tulikuwa wanawake sita pale upenuni. Walinicheka Kiswahili changu cha Kitale, nami nikawacheka mishono yao iliyopinda kama njia ya ng'ombe. Gunia la fundi likapungua. Lakini hakuna aliyeleta kipande cha nguo yake, nami sikuomba. Mama mkwe alipita na jembe lake, akatazama, akaenda. Mara moja alisimama, akapitisha kidole juu ya mshono, akauvuta kuona kama utafumuka. Haukufumuka. Akaenda.

Shangazi alifika mwezi wa nane. Ulikuwa mwaka wa tohara ya vijana, ambayo huku hufanywa mwaka mmoja na kuruka mwingine, maboma yote yamejaa wageni, mahindi yamekauka shambani, pombe ya busaa inachemka. Alikuja na jamaa wengine watano, akaketishwa uani, akala, akanawa mikono bila haraka. Blanketi langu lilikuwa limetandazwa juu ya mkeka, tabaka zote tatu tayari: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Nilikuwa nalipitishia uzi wa mwisho kwa sindano ya gunia, kwa makusudi kabisa, palepale mbele yake. Kama nilikuwa nifukuzwe, nifukuzwe nikiwa kazini.

"Ati huyu ndiye anakusanya nguo ya watu?" shangazi akasema. "Nimesikia mpaka Suam."

Wanawake wangu watano walikuwa kando ya ua wa miti, na hakuna aliyefungua mdomo. Mume wangu akafungua wake, shangazi akamwinulia mkono.

"Siulizi wewe. Nauliza mama yako. Nguo ya nani iko ndani ya hiyo kitu?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amevaa rinda lake la Jumapili, la kijani lenye maua meupe, aliloshoneshewa na marehemu mumewe mwaka wa mwisho wa uhai wake. Hakujibu. Nikafikiri, basi, nimekwenda na maji.

Akageuka kwangu. "Reta mkasi."

Nikampa. Akashika upindo wa rinda akiwa amelivaa, akauvuta juu ya goti, akakata. Mkasi wangu ulikuwa butu, kwa hivyo ilimchukua muda, na watu wote wakabaki wakisikiliza kile kitambaa kikikatika. Alitoa kipande cha upana wa kiganja, akakiinua shangazi akione vizuri, akaniwekea mkononi.

"Hii ni yangu," akasema. "Imetoka kwa mwiri yangu saa hii, nyote mmeona. Shona. Kama iko na kitu mbaya, ianze na mimi."

Nikashona. Nilijichoma kidole mara mbili na sikusimama. Nilikata kile kitambaa kwa kipimo cha katoni, nikakikunja kingo, nikakishonea juu ya kiraka cha kona, mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Nilipokata uzi, yule mwanamke wa nguo mbichi alikuwa tayari amejitokeza mbele ya watu, anafungua kitambaa chake cha kichwani. Mwingine akakimbia kwake, akarudi na mkono mzima wa sweta. Shangazi akavuta kona ya blanketi, akaipima uzito kwa mkono. Kisha akauliza kama naweza kushona kubwa zaidi ya hilo, maana kule Suam kuna baridi sana. Nikamwambia naweza, lakini kuna foleni. Mume wangu alifunika uso kwa mikono. Shangazi akaangua kicheko, na busaa ikaletwa.

Jumapili asubuhi mama mkwe alitoka nyumbani kwake amevaa rinda lilelile. Upindo ulikuwa umeliwa upande mmoja, umekwenda mshazari, nyuzi zinaning'inia juu ya mashavu ya miguu. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Mama, nipe nilitengeneze. Ni dakika kumi tu."

"Wacha," akasema. "Waone."

Akatangulia. Kanisani hakuketi nyuma tulipozoea. Alipita katikati, polepole, mpaka kiti cha mbele kabisa, nyuzi zikicheza, na kila kichwa kikageuka kuangalia mahali palipokatwa. Nilimfuata hatua kwa hatua, kidevu juu.