Mathe wa Robo Kilo

Jumapili Kikopey, kwa wachoma nyama, mathe mmoja aliagiza robo kilo ya mbuzi akaketi meza ya mbele. Weita akamwinamia: "Mathe, hapa ni pa watu wa kilo mbili. Songa nyuma."

Mathe akaweka mkoba mezani, polepole. "Mjukuu wangu amenisomea habari za Wamarekani weusi. Walinyimwa chakula mkahawani juu ya rangi, wakaketi tu. Walimwagiwa hadi sosi kichwani. Wewe utanimwagia nini?"

Weita akajikuna shingo. "Supu, mathe. Lakini kwa kikombe."

Mimi, simba wa mtaa wa Section 58, shule niliacha lakini uoga sikuwahi kuwa nao, nilikuwa nimeshahamishiwa karibu na choo pamoja na robo yangu. Mathe akaniita kwa kidole: "Kijana, leta sahani yako hapa. Hii kazi si ya mtu mmoja."